Aliyeshika Kafi la Mfalme

Zinapécuaro, 12 Juni 1576

Kwa Baba Mkubwa Bernabé Cuiriz, Tzintzuntzan

Shikamoo Baba Mkubwa. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni mwa nyumba ya baraza, kwa sababu ndani kunavuja na kalamu yangu haipendi maji. Mvua zimeanza vizuri. Juliana anakusalimu. Anasema wale samaki wadogo wakavu uliotuletea walikwisha siku ya tatu, maana nyumba hii ina mtu anaitwa Gaspar. Mjukuu wako ana miaka ishirini na nne na anakula kama anajenga kanisa peke yake. Ataoa baada ya mavuno, anamwoa Petrona, binti wa mfinyanzi. Kaniambia niandike hivi hivi alivyosema: "Mwambie babu aache kujifanya mgonjwa aje acheze ngoma. Akishindwa kutembea nitambeba mgongoni." Nimeandika. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linajua mvua kabla yangu.

Haya, sasa niliyotumwa. Padri mpya anaandika daftari la mambo ya kale. Amekwenda kuziona chemchemi za maji moto za Araró, akaambiwa kwamba mioyo ya watu ilitupwa mle. Akarudi amekunja uso. Akaniita. "Melchor, wewe ni karani, umesoma. Wazee wako waliua watu kwa maana gani?" Nikamwambia mimi nilizaliwa baadaye. Akasema, "Basi muulize aliyekuwepo." Aliyekuwepo ni wewe.

La pili halimhusu padri. Najua kwamba mfalme mzee alipokufa kwa ndui, waliomhudumia waliuawa wakazikwa pamoja naye, kila mmoja na kazi yake: mpishi, msusi, mshona maua, mpiga kafi wa mtumbwi wake. Najua mpiga kafi alikuwa baba yangu Acuitze, mdogo wako, na kwamba mimi nilikuwa bado tumboni. Umenilea tangu mama alipokufa. Umenipeleka kwa mapadri nikajifunza kuandika. Lakini juu ya baba umenipa sentensi moja tu maisha yangu yote: "Aliomba mwenyewe kwenda." Na kafi ukakataa kabisa nisiliguse. Watoto wa ziwani wakaniita bata wa nchi kavu. Nina miaka hamsini na tano sasa. Naomba sentensi ya pili.

Barua hii anakuletea Toribio mwuza chumvi. Mpe jibu, atapita tena akirudi.

Mwanao, Melchor Acuitze


Tzintzuntzan, 20 Julai 1576

Mwanangu Melchor,

Marahaba. Toribio alifika na chumvi yake na barua yako, vyote vikiwa vimelowa. Mimi nipo. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na Luisa, dada yako huyu, ananitawala kama gavana. Jana nilimwambia nataka kuzikwa kisiwani Pacanda, kando ya marehemu mke wangu Ana. Akasema, "Baba, kuna makaburi mazuri hapa hapa nyuma ya kanisa. Nani atapiga kafi mpaka kule na wewe umelala tu?" Nikamwambia maiti si mzito. Akasema, "Wewe ukiwa hai ni mzito, ukifa je?" Mwambie Gaspar nimemsikia. Mwambie atafute mgongo mwingine wa kubeba mahari, wangu mimi asiuguse.

Mjibu padri hivi. Tulisema kwamba miungu ina njaa. Moto wa Curicaueri, mungu wetu mkuu, ulikula kuni, na kuni tulizibeba wote, hata mfalme alibeba, maana moto ukizimika dunia haina mwenyewe. Lakini kuni ni chakula cha kila siku. Siku za sikukuu zilitaka chakula cha sikukuu. Mateka wa vita walilishwa vizuri, wakavishwa, wakasemeshwa kwa heshima. Mkuu wa makuhani aliongea na mmoja mmoja kama anavyoongea mtu anayemtuma ndugu safari: ukifika, waambie tuko hapa, waambie hatujawasahau. Mioyo ya Araró ilikuwa ya Mama wa mawingu. Padri atazame mvuke unavyopanda pale asubuhi. Tuliamini ndio unaokuwa wingu, na wingu ndilo mahindi.

Atakuuliza kama tulikuwa wakatili. Mwambie ndiyo. Mwambie pia kwamba nimewaona askari wa Kikristo wakiwatupia mbwa watu, na hao mbwa hawakuwa na njaa ya mvua.

Kuhusu baba yako, ni vile nilivyokwambia. Alikuwa kijana wa furaha. Aliomba mwenyewe, akaliinua kafi akicheka. Watu wengi walimwona. Yatosha.

Luisa amekuwekea mikate ya mahindi iliyofungwa majani, ile ya pembe tatu. Toribio ameahidi hataila. Usimwamini.

Baba yako mkubwa, Bernabé


Zinapécuaro, 30 Oktoba 1576

Baba Mkubwa, shikamoo.

Jibu lako lilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Mikate haikufika. Wala usimlaumu Toribio, Mungu amrehemu. Alianguka sokoni hapa mwezi wa tisa, damu ikamtoka puani, na siku ya nne tukamzika. Hii barua anakuletea mkwewe.

Utakuwa umekwisha kusikia. Ugonjwa ulitoka Meksiko ukaja na barabara. Mtu anashikwa na homa, kichwa, kisha anageuka manjano mwili mzima, hata weupe wa macho, halafu pua. Tumezika mia mbili na kitu. Wahispania wanaugua kidogo sana, na hilo watu wameliona. Juliana ni mzima. Mvua zimekoma. Mahindi yamesimama shambani na hakuna wa kuyavuna.

Hospitalini tunakwenda kwa zamu kama mlivyotufundisha ninyi wazee: kila juma nyumba kadhaa zinatoa watu, wanaingia Jumapili na shada la maua kichwani, wanapika, wanafua, wanawageuza wagonjwa, wanatoka Jumapili inayofuata. Siku hizi wanaoingia na maua si wote wanaotoka. Hata hivyo watu wanaingia.

Padri alifurahia maelezo yako ila ameniambia yale ya mbwa hatayaandika.

Mimi sikufurahi. Baba Mkubwa, mimi ni karani, nimezoea kusoma ushahidi wa watu barazani. Mtu anaposema "watu wengi walimwona" huwa namuuliza: wewe je, ulimwona? Nakuuliza wewe. Alimwomba nani? Alisema maneno gani? Alikuwa na miaka kumi na tisa na mke mjamzito. Kijana wa namna hiyo anakwendaje kuomba kufa? Nijibu kama unavyomjibu padri, kwa maelezo. Nina sababu yangu ya kuuliza na nina haraka.

Mwanao, Melchor


Tzintzuntzan, 19 Novemba 1576

Mwanangu,

Umefanya vizuri kuandika hata hayo machungu. Hapa pia ugonjwa umefika. Mtaa wa wavuvi umebaki na moshi katika nyumba moja kati ya tatu. Luisa alilala siku sita, akawa manjano kama boga, nikadhani basi. Siku ya saba akafungua jicho akauliza nani ameacha sufuria chafu. Nililia, Melchor, nikamwambia ni mimi. Akasema, "Nilijua."

Mwaka huu siku ya wafu hatukwenda kisiwani kwa Ana. Bata wamejaa ziwani na hakuna wa kuwarushia mkuki. Wanatuangalia tu.

Unataka maelezo. Haya. Waliochaguliwa walioshwa katika ua wa nyumba ya mfalme. Walipakwa rangi ya manjano mwili mzima, wakavishwa mataji ya maua. Hawakuchaguliwa kwa majina. Yule msimamizi alisoma kazi: anayetunza vito vya mdomo, aje. Anayemimina maji, aje. Mpishi. Mshika kiti. Waganga walioshindwa kumponya. Mpiga kafi. Aliyekuwa na kazi hiyo siku mfalme alipokata roho, ndiye. Walipewa pombe nyingi ya mkonge. Wakatangulia mbele ya maiti wakipiga mifupa ya mamba na magamba ya kobe, mpaka kwenye jukwaa kubwa la mawe, na nyuma yake marungu yalikuwa yanawasubiri. Maana yake ilikuwa kwamba mfalme asifike kule mpweke, akiwa hana wa kumpikia wala wa kumvusha. Tuliliona jambo la heshima. Nyumba zao zilipewa mashamba.

Hayo ndiyo maelezo.

Sasa na mimi nikuulize kama karani. Umeniandikia Juliana ni mzima. Umeniandikia Toribio, mahindi, padri. Barua ya Juni ilijaa Gaspar kila mstari. Katika hii hayumo hata mara moja. Yuko wapi mjukuu wangu?

Bernabé


Zinapécuaro, 14 Januari 1577

Baba Mkubwa,

Gaspar alikufa tarehe tisa Oktoba. Barua iliyopita niliiandika siku ishirini na moja baada ya kumzika. Nilijaribu kuliandika jina lake na mkono ukakataa. Petrona amerudi kwa baba yake. Juliana ananipikia na hanisemeshi.

Juliana ana haki. Zamu ya juma lile ilikuwa yangu. Jina langu ndilo lililosomwa kanisani: Melchor Acuitze na mkewe. Jumamosi nikakaa mlangoni nikilishika goti. Gaspar akanitazama. Akasema, "Mzee, goti tena?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mvua hakuna! Hilo goti lako limeanza kutabiri ukame." Akacheka. Halafu akasema, "Lete hayo maua, nitaingia mimi. Mama naye abaki, nitakwenda na shangazi yake Petrona." Akajivika taji mwenyewe, kaliweka upande, kama anakwenda harusini.

Aliingia Jumapili. Ijumaa aliita maji. Jumanne iliyofuata tulimzika. Alikuwa manjano, Baba Mkubwa. Niliposoma barua yako ya Novemba, pale uliposema walipakwa manjano wakavishwa maua, nilitoka nje nikakaa na kuku.

Goti halikuwa linauma.

Sasa unajua haraka yangu. Padri ameniambia Gaspar alijitoa kama shahidi na yuko mbinguni. Watu wananipa mkono wakisema, kijana wako alitaka mwenyewe. Nami nataka kuamini. Nataka kujua kwamba yupo mtu aliyewahi kwenda hivyo, akijua, kwa moyo wake, akacheka, na hakuna aliyemsukuma. Kama baba alitaka, basi damu hii inaweza kutaka, na Gaspar naye alitaka. Niandikie tu kwamba alitaka. Sitauliza tena maisha yangu.

Melchor


Tzintzuntzan, nimeanza tarehe 3 Februari 1577, nimemaliza tarehe 20

Mwanangu Melchor,

Barua yako nimesomewa na Luisa mara moja na mimi mwenyewe mara nyingi. Hii naiandika kwa mkono wangu, mistari michache kila siku, kwa hiyo usishangae herufi zikipanda mlima. Luisa nimemwambia asisome. Amesema, "Baba, hata nikitaka siwezi, umeandika kama kuku." Hajui kwamba namwogopa yeye kuliko padri.

Nimemlilia Gaspar. Nimeichukua ile barua yako ya kwanza, aliposema atanibeba, nimeiweka chini ya mto.

Ningeweza kukuandikia neno moja ulilotaka na kufa salama. Nimelisema kwa miaka hamsini na sita, limekuwa laini mdomoni, halinikwaruzi tena. Siku nne nilikaa nimeshika kalamu kulisema mara ya mwisho. Nimeshindwa, kwa sababu ungelijenga juu ya Gaspar, na nyumba hiyo ingekuangukia mimi nikiwa sipo.

Mpiga kafi wa mfalme alikuwa mimi.

Baba yako alikuwa mvuvi na msuka mikeka. Kazi ya mtumbwi wa mfalme ilikuwa ya nyumba yetu, ya mkubwa, nami ndiye mkubwa. Kafi lenyewe lilikuwa la mti mwekundu, limechongwa ndege mpinini, na lilitunzwa nyumbani kwetu limefungwa kitambaa. Nililishika kwa miaka mitatu.

Mfalme alipoanza kuugua ilikuwa siri. Nyumba ya mfalme ilitangaza kwamba ana kikohozi, kisha kwamba amekunywa uji, kisha kwamba anapata nafuu. Mji mzima uliamini. Siku moja mchana niliwavusha waganga wawili wakitoka kwake kwenda kutafuta majani ng'ambo. Walizungumza mbele yangu kama watu wanavyozungumza mbele ya mbwa.

Mmoja alisema, "Macho yameshakufa. Siku nne, tano."

Mwenzake akauliza, "Na sisi?"

"Sisi tulishindwa kumponya. Tutamfuata."

Halafu yule wa kwanza akanielekezea kidevu. "Angalau tutavuka vizuri. Huyu anapiga kafi bila kurusha maji." Wakacheka wote wawili, Melchor. Nami nikacheka nao kwa adabu.

Niliporudi nilimkuta Acuitze amekaa uani anasuka mkeka, mama yako ameegemea ukuta na tumbo lake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nishikie kafi siku tano. Mama mkwe wangu wa Pacanda anaumwa, Ana ananing'ang'ania twende."

Akauacha mkeka. "Kafi la mfalme? Wewe? Wewe ungenipa mkeo kwanza!"

"Siku tano tu."

"Na nikilizamisha?"

"Hulizamishi. Ni mti."

Akamgeukia mama yako. "Umesikia? Kesho ukiniona usinisemeshe ovyo, mimi ni mtu wa ikulu." Mama yako akamtupia ganda la hindi. Nilikwenda ndani, nikalifungua kafi kitambaa, nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, kama desturi. Alikuwa na furaha ya mtoto. Hiyo ndiyo furaha niliyokusimulia maisha yako yote. Haikuwa uongo. Niliitoa tu siku yake nikaipeleka siku nyingine.

Mama mkwe hakuwa anaumwa. Alitushangaa tulipofika.

Siku ya tano tulisikia magamba ya kobe ng'ambo ya maji. Ana alikuwa anasaga mahindi. Akaacha kusaga, akanitazama, akaona uso wangu, akajua yote. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka nilipomzika. Nikachukua mtumbwi wa mkwe wangu. Nakuapia kwamba nilipiga kafi kwa nguvu zote, nikifikiri nitafika niseme ukweli. Bado nafikiri nilikuwa na nia hiyo. Mtu akiwa majini ana nia nyingi.

Waliochaguliwa walikuwa wamewekwa uani kwa mfalme. Walikuwa wamekwisha oshwa na kupakwa. Sikumtambua mara moja, rangi ilikuwa imemfanya awe kama wengine. Nililitambua kafi. Alilishika wima kati ya magoti, na matone ya manjano yalidondoka kutoka mikononi mwake yakamwangukia yule ndege wa mpinini.

Akaniona. Akasema, "Kaka, umechelewa. Abiria amekwisha panda."

Mlinzi wa mlango akauliza, "Huyu nani?"

Melchor, nimelirudia jambo hili kila siku ya maisha yangu. Alihitaji kunyoosha kidole tu. Angesema, huyu ndiye mpiga kafi, mimi ni msuka mikeka, na mji mzima ungeshuhudia. Nilikuwa nimesimama mbele yake mzima, nimeshiba samaki wa mkwe wangu. Akanitazama kwa muda. Nikaona ameelewa. Ile safari ya Pacanda, siku tano, mikono miwili, vyote aliviona pale pale usoni mwangu kama alivyoona Ana.

Akamwambia mlinzi, "Kaka yangu. Mvuvi. Amekuja kuniaga."

Msimamizi akaita, "Mpiga kafi ni yupi?" Acuitze akaliinua. Hakucheka. Aliliinua kwa shida, kama kitu kizito. Kisha akaniita karibu, mdomo ukinuka pombe, akaniambia, "Akizaliwa wa kiume, asishike kafi. Umenisikia? Mfundishe kazi nyingine yoyote." Nikasema nimesikia. Ndilo neno pekee nililosema siku ile. Wakaniondoa.

Ndiyo sababu ukawa bata wa nchi kavu. Ndiyo sababu nilikupeleka kwa mapadri kabla hata sijaamini walichosema. Nilitafuta kazi iliyo mbali kabisa na maji nikaona karatasi.

Umeniuliza kama alitaka. Hakutaka. Alidanganywa na nduguye mpaka mlangoni, na mlangoni akamficha nduguye. Sijui lile tendo linaitwaje. Kama ni mapenzi, ama dharau, ama aliona tu kwamba yatosha mmoja wetu kufa. Sina haki ya kulichagulia jina.

Nililikiri hili kwa padri, zamani, mwaka ule niliobatizwa. Aliniambia, "Mwanangu, hayo yalikuwa ya shetani na upagani wenu, ubatizo umeyaosha." Nikaona hakunielewa. Aliona hekalu, akaona marungu. Hakuona siku tano. Nilipomwandikia padri wako juu ya miungu yenye njaa nilikuwa najificha pale pale, nyuma ya miungu. Maana ya kuua watu! Nimeifundisha maana hiyo vizuri, najua kuieleza. Lakini nimegundua kwamba wale waliokuwa uani hawakuizungumza. Walikuwa wanaombana maji, mwanamke wa vito alikuwa anauliza nani atamchukua mwanawe. Maana tuliishughulikia sisi tuliobaki. Sisi ndio tuliokuwa na haja nayo.

Juu ya Gaspar siwezi kukuambia alitaka. Mimi sikuwepo, na wewe uliyekuwepo unajua goti lako. Nadhani na yeye alijua. Kijana anayesema goti linatabiri ukame ameshaona. Amekuona, akachukua taji. Yalikuwa macho ya Acuitze hayo, na nakuandikia nikilia.

Sikuombi msamaha. Nimekusimulia kwa sababu wewe ndiye mwenye habari hii. Nimekaa nayo muda mrefu kama mali yangu.

Mikono imekwisha nguvu. Luisa anasema pumzi yangu inapiga filimbi.

Bernabé


Zinapécuaro, 11 Machi 1577

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Ibaki.

Niliisoma barua yako makaburini, kisha nikaenda hospitalini nikaomba zamu. Wakaniambia, "Juma hili si lako, karani." Nikasema najua. Nimeingia majuma mawili mfululizo. Nimewageuza watu, nimewaosha damu. Sijaugua. Nilikuwa natarajia kuugua, na Juliana alilijua hilo, maana Jumapili ya tatu alisimama mlangoni akaniambia maneno ya kwanza tangu Oktoba: "Ukifa na wewe, nani atakayenitazama usoni kwa hili? Rudi ndani ule." Nikala.

Sikusamehe, Baba Mkubwa. Nimejaribu kwa ajili ya pumzi yako inayopiga filimbi. Kila nikilifikia neno hilo naliona goti langu, na naogopa kwamba nikikusamehe wewe nitakuwa nimejisamehe mimi kwa mlango wa nyuma. Na Gaspar sijamuuliza. Labda huko mbele. Labda usipokuwepo. Nakuambia kweli kwa kuwa wewe umeniambia kweli.

Padri ameuliza kama una mengine ya daftari lake. Nimemwambia huna.

Lakini nakuja. Nimepata ruhusa ya baraza, Juliana anafunga mizigo, anasema anataka kumwona Luisa. Kwa mwendo wa goti zima ni siku nne, tuseme tano. Nitakuwa hapo kabla ya Pasaka. Ukiweza, nisubiri.

Usipoweza, mwambie Luisa asikupeleke nyuma ya kanisa. Akuweke kivulini akufunike mkeka mpaka nifike. Aazime mtumbwi wa jirani, na wenye mikono ya kujitolea wakija, awashukuru awarudishe nyumbani. Baba alisema nisilishike, nawe ulitimiza. Hilo lilikuwa lako na limekwisha. Sijui kupiga kafi, nitarusha maji, tutazungukazunguka na watu wa kando ya ziwa watacheka. Wacheke. Mpaka Pacanda nitakuvusha mimi.

Melchor, mwana wa Acuitze